Books Unbanned: Tathmini ya Kadi ya Maktaba ya Brooklyn kwa Vijana Walioondolewa Vitabu Shuleni

Kijana wa miaka 15 anayeishi Oklahoma, Texas au Iowa, ambaye shule yake imeondoa riwaya ya Toni Morrison katika maktaba, anaweza leo kuiazima riwaya hiyohiyo kutoka New York bila kulipa chochote na bila kutoka nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya Books Unbanned, huduma iliyoanzishwa na Maktaba ya Umma ya Brooklyn mwezi Aprili 2022, na ambayo nimekuwa nikiwaelekeza vijana wa jumuiya yetu waitumie. Mimi hujitolea kuwasaidia kazi za shule watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili katika mji mmoja wa kusini mwa Marekani, wengi wao Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Tanzania, Uganda na Kenya kabla ya kupewa makazi hapa. Kwa hiyo ninaipima huduma hii kwa mahitaji ya familia hizo, ambazo mara nyingi hazina vitabu nyumbani na zinaitegemea shule kwa karibu kila kitu ambacho mtoto atasoma.

Kwa maoni yangu ni huduma njema sana, inatimiza inachoahidi, na kila kijana anayestahili angepaswa kuwa na kadi yake. Hata hivyo mzazi asije akadhani kwamba kadi hiyo inafidia yote yaliyopotea shuleni, kwa sababu kuna hasara ambayo maktaba iliyo mbali, hata ikiwa na ukarimu wa kiasi gani, haiwezi kuifidia.

Kujiunga si kazi ngumu. Anayestahili ni kijana wa miaka 13 hadi 21 anayeishi popote nchini Marekani, ambaye huomba moja kwa moja kwa maktaba kupitia mtandao, na akishapewa namba ya kadi anaiingiza katika programu ya Libby kwenye simu au kompyuta na kuanza kuazima. Kadi hudumu mwaka mmoja. Huduma ilipozinduliwa, mtu aliyekuwa akiishi nje ya jimbo la New York alikuwa akitozwa dola 50 kwa kadi ya namna hiyo, kiasi ambacho familia yenye watoto watano na mshahara mmoja wa kiwandani haiwezi kukipuuza. Kwa vijana hawa ada hiyo iliondolewa. Maktaba ilitangaza wakati huo kwamba mwenye kadi angeweza kufikia vitabu vya kielektroniki vipatavyo 350,000 na vitabu vya kusikiliza vipatavyo 200,000, pamoja na hifadhidata zaidi ya 100.

Takwimu hizo zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana, kwani kijana hapewi kikapu cha vitabu vyenye ubishi peke yake, bali anafunguliwa mkusanyiko mzima wa kidijitali wa mojawapo ya maktaba kubwa za nchi hii. Vijana ninaowafahamu walioingia kwa sababu ya kitabu kimoja kilichozuiwa wamebaki kwa sababu ya vitabu vya kemia, vya maandalizi ya mitihani na vya historia ya Afrika. Vitabu vya kusikiliza vimewafaa hasa wale waliojifunza Kiingereza wakiwa wakubwa, ambao husikiliza sauti huku wakifuata maandishi, na kwa njia hiyo hupata matamshi na kasi ya kusoma ambayo darasa lenye wanafunzi wengi haliwezi kumpa kila mmoja.

Baadhi ya vitabu vinavyopingwa mara kwa mara viliwekwa katika orodha maalumu ambayo mwenye kadi yeyote huazima papo hapo, bila kusubiri zamu. Miongoni mwao ilikuwamo The Bluest Eye ya Toni Morrison na The 1619 Project, kitabu kilichotokana na mradi wa Nikole Hannah-Jones kuhusu utumwa na nafasi yake katika historia ya Marekani. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kitabu cha kielektroniki cha maktaba kwa kawaida huazimwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na wachapishaji wakubwa huiuzia maktaba leseni ambayo mara nyingi hukoma baada ya miaka miwili, ikabidi inunuliwe upya. Hivyo kitabu kipya kinachopendwa huwa na foleni ndefu. Kama vitabu vinavyoondolewa shuleni vingeachwa katika foleni hiyo, kijana ambaye gazeti limemwambia leo kwamba kitabu fulani kimepigwa marufuku angekipata baada ya miezi, hamu yake ikiwa imeshapoa.

Wasomaji walio mbali na mambo haya huenda wakajiuliza kama kweli Marekani kuna haja ya huduma kama hii. PEN America, shirika linalotetea uhuru wa waandishi na wasomaji, lilihesabu matukio 10,046 ya vitabu kuzuiwa katika shule za umma katika mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024, mengi yakiwa katika majimbo mawili tu, Florida na Iowa. Sheria ya Florida ya 2023 inaitaka shule kukiondoa ndani ya siku tano za masomo kitabu kinachodaiwa kuonyesha mambo ya ngono, na kibaki nje mpaka uchunguzi ukamilike, uchunguzi ambao unaweza kuchukua muda mrefu. Sheria ya Iowa ya mwaka huohuo ilikataza katika maktaba za shule kitabu chochote chenye maelezo ya tendo la ndoa, isipokuwa vitabu vya dini. Kwa kipimo hicho haijalishi kama mwandishi anaeleza ubakaji ili kuulaani; ukurasa mmoja unatosha kukiondoa kitabu kizima. Miongoni mwa wasichana wa jumuiya yetu wamo ambao mama zao waliikimbia vita ya mashariki mwa Kongo, ambako ubakaji umekuwa silaha, na ninaumia ninapofikiri kwamba kitabu ambacho kingemsaidia msichana kuelewa kilichoipata familia yake kinahesabiwa kuwa uchafu usiofaa kuwekwa maktaba.

Katika majimbo ya Texas, Louisiana na Mississippi njia ya mahakama nayo imekuwa nyembamba. Mwaka 1982, katika kesi iliyotoka wilaya ya shule ya Island Trees, New York, majaji wa Mahakama ya Juu walieleza kwamba bodi ya shule haina ruhusa ya kuondoa kitabu katika maktaba kwa sababu tu inachukia mawazo yaliyomo, ingawa hoja hiyo haikuungwa mkono na majaji walio wengi. Mwezi Mei 2025 mahakama ya rufaa inayohusika na majimbo hayo matatu, katika kesi ya maktaba ya umma ya kaunti ya Llano, Texas, iliamua kwamba msomaji hawezi kutumia haki ya kupata habari kupinga uamuzi wa maktaba wa kuondoa vitabu. Kwa familia zinazoishi huko, kadi ya Brooklyn imekuwa miongoni mwa njia chache zilizobaki ambazo haziwalazimishi kununua kitabu dukani.

Siwezi kuizungumzia huduma hii bila kumtaja Summer Boismier, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari ya Norman, Oklahoma. Baada ya jimbo hilo kupitisha mwaka 2021 sheria inayowekea mipaka mafunzo kuhusu rangi na jinsia, walimu walitakiwa kuvikagua vitabu vya madarasani mwao. Mwezi Agosti 2022 Boismier alifunika rafu zake kwa karatasi, akaandika juu yake kwamba hivyo ni vitabu ambavyo jimbo halitaki visomwe, na akawawekea wanafunzi msimbo wa QR uliowapeleka kwenye Books Unbanned. Mzazi mmoja alilalamika, mwalimu akajiuzulu, na Ryan Walters, aliyekuwa waziri wa elimu wa jimbo na baadaye akachaguliwa kuwa msimamizi wake mkuu wa elimu, akadai anyang'anywe leseni. Agosti 2024 bodi ya elimu ya jimbo ilimfutia leseni ya ualimu. Kosa lake lilikuwa kuwaonyesha wanafunzi njia ya kufika kwenye maktaba ya umma iliyofunguliwa kihalali katika jimbo jingine la nchi hiyohiyo. Maktaba ya Brooklyn ilimpa kazi, na kwa hilo ninaiheshimu zaidi.

Tukio hilo linawahusu moja kwa moja wazazi wetu. Mwalimu wa mtoto wako huenda anaijua huduma hii na anaogopa kuitaja. Usingoje shule ikuletee habari zake. Mzazi au ndugu mkubwa akimwambia kijana mwenyewe, hakuna leseni ya mtu inayowekwa hatarini.

Kuhusu usiri, niliridhika. Kinachoazimwa hubaki baina ya kijana na maktaba, na sheria ya jimbo la New York inalinda kumbukumbu za wasomaji wa maktaba zisitolewe ovyo. Nawashauri vijana watumie simu zao au za nyumbani badala ya kompyuta waliyopewa na shule, kwa kuwa vifaa vya shule huwekewa vichujio na hufuatiliwa. Najua kuna mzazi ambaye usiri huo utampa wasiwasi, nami nitalirudia jambo hilo, maana ni zito.

Kabla ya hapo nieleze upungufu. Umri wa kuanzia ni miaka 13, ilhali sehemu kubwa ya mabishano inahusu vitabu vya picha vya watoto wa shule ya msingi, kikiwamo And Tango Makes Three, kisa cha pengwini wawili wa kiume wa bustani ya wanyama ya New York waliolea kifaranga, ambacho kimekuwa kikipingwa kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka minane hana msaada hapa. Asiye na intaneti ya uhakika au simu inayofaa naye hana msaada, na hao wamo wengi miongoni mwa familia zilizofika karibuni. Kisha kuna ule mwaka mmoja wa kadi, unaomtaka kijana akumbuke kuomba upya, jambo ambalo wengi husahau mpaka siku wanapokuta mlango umefungwa.

Upungufu ulio mzito zaidi, ambao si kosa la Brooklyn hata kidogo, ni huu: programu ya simu inamfaa anayejua anachokitafuta. Mtoto aliyeletwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akiwa na miaka 12 hajui majina ya waandishi wa hapa. Hana baba aliyesoma riwaya hizo shuleni wala dada mkubwa aliyeziacha chumbani. Alichokuwa nacho ni maktaba ya shule, mahali alipoweza kupita kati ya rafu akavutiwa na jalada, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama, akakirudisha au akaondoka nacho. Na alikuwa na mkutubi aliyemwona akirudisha kitabu cha mpira akamwambia kwamba kuna kingine kinachomhusu mvulana mkimbizi. Nimeona watoto wakiwa wasomaji kwa njia hiyo, na sijaona njia nyingine inayofanya kazi sawa kwa mtoto asiye na vitabu nyumbani. Kitabu kikiondolewa, mtoto wa familia yenye kipato na elimu atakipata kwa vyovyote, kwa kuwa wazazi wake wamesikia habari zake na wanaweza kukinunua. Anayekikosa ni yule ambaye asingejua kamwe kwamba kilikuwapo. Huyo haandiki jina la kitabu katika kisanduku cha kutafutia, kwa sababu hana jina la kuandika.

Aidha, hofu ikishaingia shuleni, hasara haiishii kwenye vitabu vilivyoondolewa. Mkutubi aliyeona mwenzake akitukanwa katika kikao cha bodi huacha kuagiza kitabu ambacho kinaweza kuleta maneno, na kitabu ambacho hakikununuliwa hakiingii katika takwimu yoyote. Orodha ya vitabu vilivyozuiwa haiwezi kukitaja, kwa hiyo hata huduma inayojengwa juu ya orodha hizo haitakikumbuka.

Sasa nirudi kwa mzazi mwenye wasiwasi. Katika mazungumzo yetu baada ya ibada, kanisani na msikitini, nimesikia wazazi wengi wakisema kwamba wanaopinga vitabu wana haki, kwa kuwa wao wenyewe hawataki watoto wao wasome habari za mapenzi ya jinsia moja au za ngono. Sitawadharau wazazi hao. Wanalea watoto katika nchi ngeni, lugha ya shule inawapita, na wanaona malezi yakiponyoka mikononi mwao. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mzazi anayemwongoza mtoto wake na kikundi kinachoamua kwa niaba ya watoto wa wote. Katika kaunti ya Montgomery, Maryland, wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi walidai wajulishwe na waruhusiwe kuwatoa watoto wao darasani wakati vitabu fulani vya hadithi vinaposomwa, na mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilikubaliana nao. Mtu anaweza kuupenda au kutoupenda uamuzi huo, lakini wazazi hao walishinda bila vitabu kuondolewa kwa watoto wengine. Kitendo cha kuvitoa vitabu maktaba ni cha aina nyingine kabisa, na mara nyingi hakifanywi na mzazi. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliripoti kwamba mwaka 2024 asilimia 72 ya madai ya kuondoa vitabu yalitoka kwa vikundi vya shinikizo, viongozi na wanasiasa, na asilimia 16 tu ndiyo iliyotoka kwa wazazi.

Kuhusu kadi yenyewe, ushauri wangu kwa mzazi ni kwamba amkalishe kijana wake, amwombe amwonyeshe Libby inavyofanya kazi, na wachague pamoja kitabu cha kuanzia. Kijana wa miaka 16 mwenye simu ameshakutana na mambo mabaya zaidi kuliko riwaya yoyote ya maktaba, na riwaya angalau imeandikwa na mtu aliyeyafikiria, ikahaririwa, na inaweza kujadiliwa mezani.

Sisi wasomaji wa Kiswahili si wageni wa jambo hili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kueleza masaibu ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kuvunja maadili. Baadaye ikawa kitabu cha kufundishia, na leo ni vigumu kuandika historia ya riwaya ya Kiswahili bila kuitaja. Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 shuleni, vingi vikiwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi. Kijana wa Dodoma hawezi kuomba kadi ya Brooklyn, kwa kuwa ni ya wakazi wa Marekani. Ningetamani sana kuona maktaba ya Afrika Mashariki, ya umma au ya chuo kikuu, ikianzisha huduma ya namna hii kwa vitabu vyetu.

Kwa walio Marekani, Brooklyn haiko peke yake. Maktaba ya Umma ya Seattle ilijiunga na mpango huu mwezi Aprili 2023 na inawapokea vijana wa miaka 13 hadi 26 kutoka nchi nzima, kwa gharama inayolipwa na wafadhili binafsi. Aliyepita umri wa Brooklyn aanzie huko. Maktaba za Boston na San Diego nazo zimo, na maktaba ya kaunti ya Los Angeles inawahudumia vijana wa California. Hakuna kinachomzuia kijana kuwa na kadi zaidi ya moja, na Libby inazipokea zote mahali pamoja, jambo linalosaidia foleni ya kitabu ikiwa ndefu upande mmoja.

Kwa wenye watoto chini ya miaka 13, nendeni katika maktaba ya umma ya mji wenu kabla ya kitu kingine chochote. Katika miji mingi mkaaji hupata kadi bila malipo, ana kwa ana na mkutubi, na mara nyingi kitabu kilichotolewa shuleni bado kiko pale. Vikao vya bodi ya shule ni vya wazi kwa umma, na wilaya kadhaa zenye wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili zina wakalimani. Ulizeni mapema kama mkalimani anaweza kupatikana, muwape majina yenu wanaoandikisha wasemaji, na mseme ni vitabu gani watoto wenu wanavihitaji.